Kutawala Kinywa

Kinywa ni mlango mdogo katika nyumba ya mwili, walakini mambo makubwa hupitia hapo. Maneno hutoka na chakula huingia. Wahenga walishughulika sana na yale yatokayo. Walituonya juu ya uongo, matusi na masengenyo, wakatuachia methali tele za kuuchunga ulimi. Juu ya yale yaingiayo walisema machache zaidi, yamkini kwa sababu chakula cha siku zao kilikuwa cha jasho na cha msimu, na mtu hana haja ya kuhimizwa kujizuia mbele ya chungu kitupu. Siku zetu si siku zao. Maradhi ya kisukari yameenea duniani hata Shirikisho la Kimataifa la Kisukari likakadiria kwamba watu wazima milioni 589 walikuwa nayo mwaka 2024. Yametulazimisha kuuliza swali ambalo babu zetu hawakulazimika kuliuliza: Je, mtu ni mtawala wa kinywa chake? Na akiugua kwa sababu ya alichokila, lawama ni yake peke yake?

Swali hili ni la adili kama lilivyo la tiba. Daktari aweza kutuambia chakula hufanya nini ndani ya mwili, lakini si kazi yake kutuambia tumhesabuje jirani aliyeugua. Jambo la kwanza tutajifunza kwake. La pili hatuna budi kulitafuta wenyewe.

Tuanze na mwili. Damu ya mtu mzima ni kadiri ya lita tano. Katika damu yote hiyo, mtu mwenye afya aliyeamka asubuhi bila kula ana sukari ya gramu nne au tano tu, yaani kijiko kimoja cha chai. Kwa kijiko hicho ubongo hufikiri na mwili hupata nguvu ya kuanza siku. Waganga wa hospitali wamekubaliana kwamba, kipimo cha asubuhi kabla ya kula kikifika milimoli 7 katika kila lita ya damu, na kikathibitishwa tena, mtu huyo ana kisukari. Kiasi hicho kikihesabiwa katika damu yote hakizidi sana gramu sita. Basi tofauti baina ya mzima na mgonjwa, wakati huo wa asubuhi, haifiki nusu ya kijiko. Nani angedhani kwamba uhai umewekewa mizani nyembamba namna hiyo?

Mwili huilinda mizani hiyo kwa uangalifu wa ajabu. Tukila ugali, chapati, wali au mkate, wanga wake huvunjwavunjwa ukawa sukari, nayo sukari huingia damuni. Hapo kongosho hutoa insulini, ambayo ni mfano wa ufunguo: hufungua milango ya misuli na mafuta, sukari ikaingia na kutumika au kuwekwa. Nyingine huwekwa akiba katika ini. Tukikaa muda mrefu bila kula, ini hufungua ghala lake na kurudisha damuni kadiri inayohitajika. Kwa njia hii mtu mzima aweza kula karamu leo na kulala njaa kesho, na kijiko chake kimoja kisipotee wala kisifurike.

Kisukari ni kuharibika kwa kazi hiyo, nacho huja kwa njia zaidi ya moja. Katika aina ya kwanza, askari wa mwili wanaotukinga na magonjwa hugeuka na kulishambulia kongosho, hata likashindwa kutoa insulini. Aghalabu aina hii huwapata watoto na vijana, wala haisababishwi na ulaji wa sukari. Katika aina ya pili, ambayo ndiyo ya wengi, ufunguo upo lakini makufuli yamekuwa mazito. Kongosho hutoa insulini zaidi na zaidi, mpaka likachoka. Unene wa tumbo, kukaa kitako siku nzima, umri na urithi wa ukoo, vyote husaidiana kuleta hali hiyo. Mgonjwa aweza kukaa miaka bila kujua, ilhali sukari iliyozidi inadhuru polepole macho, figo, moyo na mishipa ya fahamu ya miguuni. Wengine hujulishwa na kiu isiyokatika, mikojo ya mara kwa mara au kidonda kisichopona. Wengine hawajulishwi na kitu mpaka madhara yamekwisha kuingia.

Ugonjwa wenyewe si mpya. Matabibu wa kale wa Bara Hindi waliutambua kwa sisimizi waliovutwa na mkojo wa mgonjwa, wakauita mkojo wa asali. Kilicho kipya ni wingi wake na tiba yake. Kabla ya insulini kujulikana, madaktari wa Ulaya na Marekani walikuwa wakiwapimia watoto wenye kisukari chakula kidogo mno, wakawaweka karibu na kufa njaa ili kuwaongezea miezi ya kuishi. Mwezi wa Januari mwaka 1922, katika mji wa Toronto nchini Kanada, mvulana wa miaka 14, jina lake Leonard Thompson, alikuwa mtu wa kwanza kutibiwa kwa insulini, kutokana na kazi ya Frederick Banting, Charles Best, James Collip na John Macleod. Mwaka huohuo wa 1922, huku kwetu, kiwanda cha kwanza cha sukari nchini Kenya kilianzishwa Miwani, karibu na Kisumu. Sisemi kwamba jambo moja lilizaa jingine. Ninasema tu kwamba dawa ya kisukari na wingi wa sukari yetu wenyewe ni watu wa rika moja, na kwamba karne moja haijatosha kutufundisha kukaa na kitu ambacho zamani kilikuwa tunu.

Hapana mahali pafaapo kulichunguza jambo hili kuliko jiji la Nairobi. Asubuhi katika barabara ya Tom Mboya na vichochoro vya River Road, mikahawa hujaa watu wanaoshusha mandazi na chapati kwa chai ya maziwa iliyokolea sukari. Adhuhuri harufu ya viazi vinavyokaangwa mafutani hutawala mitaa, na chupa ya soda huandamana na sahani kama kivuli na mtu. Chupa ya nusu lita ya soda tamu yaweza kuwa na sukari zaidi ya gramu 50, ambayo ni kama vijiko 12 vya chai. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari inayoongezwa katika vyakula na vinywaji, pamoja na ile ya asali na maji ya matunda, isizidi sehemu moja katika kumi ya nguvu yote aipatayo mtu kwa chakula, na kwamba ni vema zaidi ikipunguzwa hata nusu ya hapo, yaani vijiko kama sita kwa siku. Mnywaji wa chupa moja basi amekula haki yake ya siku mbili kabla hajamaliza kuzungumza na mwenzake.

Ukitoka katikati ya jiji ukaelekea magharibi, utaona mitaa miwili miwili ikipakana kama ndugu wasiosemezana. Lavington imepakana na Kawangware. Kangemi imeketi kando ya Waiyaki Way, si mbali na maghorofa ya Westlands. Katika mtaa mmoja yuko mtu anayetoka kitandani akaingia garini, akatoka garini akaingia lifti, akaketi ofisini hadi jioni, kisha akarudi kwa njia ileile na kuipokea meza iliyojaa. Katika mtaa wa pili yuko mjenzi anayedamka gizani na kwenda kwa miguu mpaka anakojenga nyumba za wengine. Chakula chake ni kile kinachoshibisha kwa fedha chache: unga mweupe uliokobolewa hata pumba zikaisha, chapati, viazi vya mafuta, na chai yenye sukari nyingi kwa sababu sukari hutuliza njaa kwa haraka. Mtu angedhani kwamba kisukari kitapita nyumba ya mjenzi na kubisha hodi katika nyumba ya tajiri peke yake. Sivyo. Hubisha kote. Kwa mmoja huingia kwa wingi na starehe. Kwa mwingine huingia kwa ukosefu wa hiari. Na kikishaingia, tajiri huenda kwa daktari wake, ilhali maskini hugawanya fedha zake baina ya dawa na kodi ya chumba.

Niliwahi kuliweka swali letu mbele ya wanafunzi wangu. Darasa liligawanyika pande mbili mara moja. Upande wa kwanza ulisema kwamba mkono unaoshika kijiko ni wa mtu mwenyewe; hakuna aliyemfungua kinywa kwa nguvu, basi na lawama aibebe mwenyewe. Upande wa pili ulisema kwamba mtu ni mtoto wa mji wake. Hula kinachouzwa, hufanya kazi anayopewa, hukaa anakoweza kulipia, basi lawama ni ya mji. Mabishano yakapamba moto. Ndipo msichana mmoja, ambaye si msemaji sana, akauliza, "Mwalimu, na yule aliyeupata akiwa mtoto, alikula nini?" Darasa likanyamaza. Tangu hapo nimeona kwamba kila upande ulishika kipande cha kweli, na kwamba swali la msichana yule ndilo lililopaswa kuja kwanza.

Tuutazame upande wa kwanza. Ni kweli kwamba mtu ana uwezo mkubwa juu ya afya yake. Nchini Ufini, utafiti uliochapishwa mwaka 2001 uliwafuata watu 522 wenye uzito mwingi ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda bila kufika kiwango cha ugonjwa. Nchini Marekani, mwingine uliochapishwa mwaka 2002 uliwafuata watu 3,234 wa hali kama hiyo. Katika Marekani, kundi moja lilipewa shabaha mbili zisizotisha: kupunguza uzito kwa asilimia 7, na kutembea kwa haraka au kufanya mazoezi mengine kwa dakika 150 kila juma, ambazo ni nusu saa kwa siku tano. Baada ya muda wa miaka mitatu hivi, hatari ya kuugua ilikuwa imepungua kwa asilimia 58 ikilinganishwa na wale ambao hawakupewa mpango huo. Ufini nao walipata asilimia 58. Vidonge vya metformini, ambavyo vilijaribiwa Marekani kwa kundi jingine, viliipunguza hatari hiyo kwa asilimia 31. Basi miguu na sahani viliwashinda vidonge. Asemaye kwamba mtu hana la kufanya juu ya mwili wake anakanusha ushahidi.

Lakini ushahidi huohuo una neno ambalo upande wa kwanza hupenda kulipita. Watu wale hawakuachwa peke yao na kijiko mkononi. Kila mmoja alikuwa na mshauri wa kukaa naye, kumfundisha, kuuliza habari zake na kumtia moyo alipolegea. Walishinda kwa nia yao, na nia yao ilishikwa mkono. Kwa hiyo anayechukua habari za ushindi wao na kuzifanya fimbo ya kumpigia mgonjwa wa Kangemi, ambaye hajapata mshauri wala kipimo, anafanya dhuluma. Katika uchunguzi uliofanywa Kenya mwaka 2015 ilionekana kwamba watu wazima walio wengi sana hawakuwa wamewahi kupimwa sukari hata mara moja. Mtu atatawalaje asichokijua?

Upande wa pili nao una haki na una kasoro. Haki yake ni kwamba mji huchagua kabla ya mtu kuchagua. Aliyepanga barabara bila njia ya miguu amekwisha kumwambia mtu asitembee. Anayeuza soda mlangoni mwa shule, mahali ambapo maji safi hayapatikani, amekwisha kumchagulia mtoto kinywaji. Walakini kasoro ya hoja hii ni kwamba ikivutwa hadi mwisho humfanya mtu kuwa jiwe linaloviringishwa na maji. Mjenzi wetu si jiwe. Mwambie kwamba hana mamlaka yoyote juu ya kinywa chake, nawe umemnyang'anya heshima katika jina la kumhurumia.

Sasa turudi kwa swali la msichana yule. Mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza hakula kosa lolote. Hata katika aina ya pili, wako wembamba wanaougua na wanene wasiougua. Wako walioupata kwa damu ya wazazi wao, na wako waliojitahidi kwa miaka na ukawafika vilevile. Ukimwona mtu anajidunga sindano pembeni mwa karamu, huwezi kuisoma historia yake katika sindano hiyo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Tena lawama haina faida hata kwa yule aliyekosa. Mtu anayeogopa kuchekwa huficha ugonjwa, hukwepa kipimo, hula kisirisiri, na huwaendea wauza mizizi wanaomwahidi kupona kwa siku saba ili aache dawa za hospitali. Wangapi wamekatwa mguu kwa sababu ya kidonda, na nyuma ya kidonda palikuwa na aibu! Wajibu wa kesho ni kitu kimoja, hukumu ya jana ni kitu kingine. Twaweza kumwambia mwenzetu, "Tembea, punguza, kapime," bila kumwambia, "Umejitakia."

Ikiwa hivyo ndivyo, kujitawala hujifunzwa wapi? Shule ya kale kuliko zote ni mfungo. Katika Nairobi kila jamii ina darasa lake. Mwezi wa Ramadhani waumini hukusanyika jioni katika Msikiti wa Jamia, wakafungua kwa tende na maji. Wakristo wana Kwaresima yao. Wahindu wa Parklands wana siku zao. Mfungo haukuwekwa kwa ajili ya kupima uzito, wala si heshima kuugeuza kuwa hivyo. Lakini humfundisha kila mtu jambo ambalo mwenye friji iliyojaa hajui: kwamba njaa ndogo si amri. Hubisha, hungoja, kisha huondoka. Aliyeligundua hilo mara moja amepata nafasi ya kufikiri baina ya kutamani na kula, na katika nafasi hiyo ndimo utawala wote wa kinywa ulimo.

Hata hivyo mfungo hufundisha anayetaka kufundishwa. Yuko anayejinyima mchana kutwa, kisha jua likizama akalipiza kisasi kwa kaimati, tambi za sukari na sharbati mpaka usiku wa manane. Huyo amebadilisha saa za kula, hakubadilisha kiasi. Na yuko ambaye hafai kufunga bila shauri la daktari: mgonjwa anayetumia insulini au vidonge fulani vya kushusha sukari aweza kushukiwa mno, akatetemeka, akatoka jasho na kuzirai. Kurani yenyewe imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga. Anayejilazimisha ili watu wasimseme, hamtii Mungu, anawatii watu. Kujitawala ni pamoja na kujua mpaka wa nguvu zako.

Shule ya pili ni miguu. Misuli inapofanya kazi huivuta sukari kutoka damuni hata insulini ikiwa kidogo, na makufuli yaliyokuwa mazito hulainika kwa saa nyingi baadaye. Kwa hiyo matembezi mafupi baada ya chakula yana faida isiyolingana na udogo wake. Linalonishangaza ni jinsi tulivyoipa kazi hii cheo cha chini. Kila alfajiri njia za kutoka Kawangware na Kangemi hujaa watembeao kwa miguu, na hakuna anayewapongeza, kwa kuwa wametembea kwa kukosa nauli. Jioni, huko Westlands, wengine hulipa fedha nyingi ili watembee juu ya mkanda unaozunguka mahali pamoja. Mjenzi akipata fedha, mzigo wa kwanza anaotamani kuutua ni mwendo wake. Simlaumu, kwa maana amechoka, na tena njia yake ina vumbi na hatari ya magari. Lakini ni jambo la kufikiriwa kwamba tumejifunza kuona miguu kuwa alama ya umaskini na kitambi kuwa alama ya kufanikiwa. Kadhalika tuliidharau nduma, wimbi, mtama, kunde na managu kuwa vyakula vya mashambani, tukakimbilia unga mweupe. Leo vyakula hivyohivyo vinapakiwa vizuri na kuuzwa ghali kwa matajiri. Mtu hula heshima pamoja na chakula. Mpaka tubadilishe tunachokiheshimu, ushauri wa madaktari utabaki karatasini.

Hapa ndipo tunapoufikia moyo wa jambo lenyewe. Wageni wanapokutana nasi katika harusi, matanga au mkutano, chai huja katika birika kubwa, nayo mara nyingi imekwisha kutiwa sukari tangu jikoni. Mwenye kuipika ametaka kuwakirimu watu. Lakini tumfikirie mzee mmoja katika mkusanyiko huo, mwenye kisukari, ambaye hakumwambia mtu. Akipokea kikombe, anajidhuru. Akikikataa, watu watamwona mwenye maringo, au atalazimika kuutangaza ugonjwa wake mbele ya umati. Basi huyu ni mtawala wa kinywa chake au siye? Kinywa ni chake, lakini uamuzi ulikwisha kufanywa birikani.

Na dawa yake ni rahisi namna gani! Sukari na itoke birikani, ikae bakulini, na kijiko kiwe kando yake. Atakaye viwili atie viwili, atakaye sita atie sita, asiyetaka apitishe bakuli kwa jirani yake bila kueleza neno. Hakuna aliyenyimwa, hakuna aliyeaibishwa, na kila mmoja amerudishiwa mamlaka yake. Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Leo ingefaa mwenyeji naye afikiri jinsi mgeni atakavyopona.

Katika birika na bakuli hilo naona jibu la swali letu. Mtu ni mtawala wa kinywa chake, lakini utawala huo, kama utawala mwingine wowote, unahitaji nchi ya kutawaliwa. Wajibu wa wenzake ni kumwachia nafasi ya kuchagua. Wajibu wake ni kuitumia. Shule inayoweka maji safi penye duka lake imeitoa sukari birikani. Mji unaojenga njia salama ya miguu kutoka Kangemi hadi katikati ya jiji, na zahanati inayompima sukari kila aliyekuja kwa homa, na mama anayepika githeri au ugali wa wimbi bila kuomba radhi, wote wamefanya kazi ileile. Wakishafanya hivyo, hakuna atakayekiinua kijiko au kukishusha kwa niaba yetu. Hapo upande wa kwanza wa darasa langu ulisema kweli: mkono ni wa mwenyewe.

Nanyi vijana, ambao wengi wenu mna kongosho zima na miguu mizima, msidhani habari hii ni ya wazee. Chovya chovya humaliza buyu la asali, na buyu lenyewe huanza kuchovywa ujanani. Jifunzeni kula mpaka njaa iishe, msingoje mpaka nafasi iishe tumboni. Tembeeni ingawa nauli ipo. Pimeni, na mkikuta neno baya, msilifiche. Akiwapo miongoni mwenu mwenzenu anayebeba sindano mkobani, mketi naye mezani kama mlivyoketi jana. Nchi yetu ilipata kujitawala mwaka 1963, na tangu hapo tumejua kwamba siku ya kupandisha bendera ilikuwa moja tu, na kazi ilianza kesho yake. Utawala wa kinywa ni vivyo hivyo. Huanza upya kila asubuhi, kwa kijiko kimoja.